Je, Miaka Ile Ilikuwa Bure?

Kuna neno tulilomwambia mwana wetu siku moja, na neno hilo ndilo linalotufanya tuandike insha hii. Alikuwa amerudi nyumbani akichechemea, akiwa na umri wa miaka 22, baada ya daktari kumweleza kwamba kano ya kisigino chake haitarudi kuwa kama zamani. Tangu kidato cha pili alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia katika barabara zetu za vumbi. Hakuwahi kuvaa jezi ya taifa wala kupanda ndege. Kikubwa alichopata ni nafasi ya tano katika mashindano ya mkoa, pamoja na jozi ya viatu ambavyo havikumtosha. Tukamwambia, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hasira, kwamba alikuwa amepoteza miaka sita.

Hakujibu. Alichukua ndoo akaenda kuwanywesha ng'ombe.

Sisi ni mume na mke, walimu wastaafu wa shule ya msingi. Tumesahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yetu yote, na tumezoea kuweka alama: hili ni sahihi, hili si sahihi, jumla ni kadhaa. Huenda ndiyo maana tuliiwekea alama hata miaka sita ya kijana wetu. Lakini neno lile halikutuacha. Tulilibeba kanisani, tukalibeba katika sala za jioni, na kila tulipofika mahali pa kukiri makosa yetu lilikuwa limekaa pale likitungoja. Tulikosa kwa kusema kwa ukali, hilo tulilijua. Ila kulikuwa na swali zito zaidi: je, tulisema kweli? Mtu akitaabika kwa ajili ya jambo, na jambo lenyewe lisitokee, je, taabu ile imepotea? Na Mungu huihesabu namna gani?

Katika jumuiya yetu ndogo tulipewa majibu ya haraka. Mungu ana mpango mwingine. Kila jambo lina sababu yake. Waliotuambia hivyo walitupenda, na hatuwadharau. Lakini majibu hayo yana kasoro moja: yanakubali kimyakimya kwamba miaka ile ilikuwa bure, kisha yanatuahidi fidia mahali pengine. Hatukuhitaji fidia. Tulitaka kujua kama hasara ilikuwapo.

Msaada ulitoka upande ambao hatukuutazamia, kutoka kwa mchezaji mmoja wa Ayalandi na mchezo ambao Wakenya wengi hawajawahi kuuona.

Parokia yetu ilihudumiwa kwa miaka mingi na padre mzee kutoka kaunti ya Galway, magharibi mwa kisiwa kile. Nyuma ya mlango wa sakristia aliweka fimbo iliyopinda na kupanuka mwishoni, bapa kama mwiko mkubwa. Watoto wa altare waliamini ni ya kuulia nyoka, na kusema kweli tulimwona akiitumia kwa kazi hiyo mara moja. Ilikuwa fimbo ya mchezo wa kwao uitwao hurling, ambao parokiani tuliutamka halingi, naye akaacha kutusahihisha.

Wachezaji ni 15 kila upande, katika uwanja mrefu kupita wa kandanda. Mpira ni mdogo, wa ngozi, unaokaa kiganjani, nao hupigwa kwa fimbo ile angani au ardhini kwa kasi ya kutisha. Ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo mbili ni pointi moja. Ukiingia wavuni chini ya mwamba ni bao, na bao lina thamani ya pointi tatu. Kofia ya chuma ilifanywa ya lazima kwa wachezaji wote mwaka 2010 tu; kabla ya hapo watu wazima wengi walicheza kichwa wazi. Padre alikuwa na kovu juu ya nyusi la kututhibitishia.

Lakini kilichotushangaza ni kwamba hawalipwi. Chama cha michezo ya Kiayalandi kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, na miongoni mwa walezi wake wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Thomas Croke wa Cashel, ambaye uwanja mkuu wa Dublin, Croke Park, unaitwa kwa jina lake. Uwanja huo huchukua watu zaidi ya 82,000. Siku ya fainali hujaa, na vijana wanaocheza mbele ya umati huo Jumatatu hurudi kazini: mwalimu darasani, fundi umeme kwenye nguzo zake, mkulima kwa ng'ombe wake. Hupewa nauli na ruzuku ndogo ya serikali, basi. Hakuna mshahara, wala kununuliwa na timu tajiri. Kwa kawaida mtu huichezea klabu ya mahali alipokulia, na mara nyingi klabu hiyo hufuata mipaka ya parokia. Akiwa hodari huitwa kuichezea kaunti yake. Kaunti ikiwa dhaifu, atakuwa hodari katika timu dhaifu mpaka azeeke.

Kwetu, mtu anayeishi karibu na Iten, jambo hili ni gumu kulielewa. Vijana wetu hukimbia ili wanunue shamba, wajengee mama nyumba, walipe karo ya wadogo zao. Hatuwalaumu, hata wa kwetu alikuwa na hesabu hizo. Ni rahisi kuusifu mchezo usio na malipo ukiwa umeshiba. Ayalandi ya leo ni nchi tajiri, ingawa, kwa haki, wengi wa waliocheza katika miaka ya mwanzo ya chama hicho walikuwa wapangaji wa mashamba ya wengine, na wazee wao walikuwa wameiona njaa kuu kwa macho yao.

Sasa tumtazame mchezaji mwenyewe. Joe Canning alizaliwa Oktoba 1988 huko Portumna, mji mdogo wa kaunti ya Galway, karibu na mto Shannon. Mwezi mmoja hivi kabla hajazaliwa, Galway ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ayalandi yote, mwaka wa pili mfululizo. Watu wa Galway hawakujua kwamba wangengoja miaka 29 kuupata tena. Timu yao ilifika fainali mwaka 1990, ikashindwa, 1993, ikashindwa, 2001 na 2005, ikashindwa. Katika zile mbili za mwisho alikuwamo Ollie Canning, kaka yake Joe, beki aliyeheshimiwa nchi nzima. Tumshike Ollie kichwani, tutamrudia.

Joe alionekana mapema. Akiwa na timu ya vijana ya kaunti alitwaa ubingwa mwaka 2004 na 2005. Akiwa na klabu ya Portumna alikuwa bingwa wa vilabu vya nchi nzima mwaka 2006, kabla hajafika miaka 18. Watu wakaanza kusema kwamba huyu ndiye. Msomaji aliyewahi kulea mtoto mwenye kipaji anajua uzito wa neno hilo. Mtoto huacha kuwa wa nyumba yake akawa wa kaunti, na kila mzee anayekutana naye dukani humkumbusha kwamba wao wanangoja.

Julai 2008, katika mwaka wake wa kwanza na timu kubwa, akiwa na miaka 19, alicheza dhidi ya Cork mjini Thurles. Alifunga mabao mawili na pointi 12, yaani pointi 18 kwa hesabu yao. Timu nzima ya Galway ilipata 21. Wenzake wote kwa pamoja, basi, walifunga tatu. Cork walipata 23, na Galway wakatolewa. Padre alisema wazee waliokuwapo walitoka uwanjani hawajui kama wafurahi au walie. Hapo ndipo tulipoanza kumsikiliza kwa makini, kwa sababu hesabu ile ilitugusa. Kijana alifanya karibu kila kitu ambacho mtu mmoja anaweza kufanya, na matokeo yakaandikwa katika safu ileile ya walioshindwa.

Mwaka 2012 Galway walifika fainali dhidi ya Kilkenny. Ilikuwa Jumapili ya tarehe 9 Septemba, na saa zetu ilikuwa jioni. Padre alitualika chai nyumbani kwake ili tuitazame kwenye kompyuta yake, mtandao ukikatika kila mara. Dakika za mwisho kabisa Galway walikuwa nyuma kwa pointi moja, wakapata pigo huru. Canning akaupiga, mpira ukapita, sare. Padre akapiga goti sebuleni, hatujui kama alikuwa akisali au magoti yalikuwa yamemwishia nguvu. Mechi ikarudiwa tarehe 30 mwezi huohuo, Kilkenny wakashinda kwa pointi 11. Mwaka 2015 fainali tena, Kilkenny tena, kushindwa tena. Mwaka 2016, katika nusu fainali dhidi ya Tipperary, misuli ya nyuma ya paja la Canning ilichanika vibaya, hakurudi uwanjani kipindi cha pili, na Galway wakatolewa kwa pointi moja. Alihitaji upasuaji. Alikuwa na miaka 27, na wapo waliouliza kama angerudi.

Tukiwa tumefika hapo katika masimulizi, mwana wetu alikuwa ameshakaa nyumbani na kisigino chake kwa muda. Alikuwa amezoea kutufuata kwa Padre siku za mechi. Hakuketi nasi, alisimama mlangoni, akiegemea fremu, kama mtu anayepita tu.

Turuhusiwe kugeuka pembeni kidogo. Jirani wa Galway ni kaunti ya Mayo, ambayo haijatwaa kombe la kandanda ya Kiayalandi tangu mwaka 1951. Husimuliwa huko kwamba mabingwa wale, wakirudi nyumbani kwa shangwe, walipita katikati ya mazishi mjini Foxford bila kusimama, na padre wa mahali hapo akawalaani: Mayo isishinde tena hadi wote walio katika timu ile wafe. Padre wetu aliichukia hadithi hiyo, nasi tunamuunga mkono. Hata kama wanaoisimulia hufanya hivyo kwa utani, inatuonyesha Mungu anayekaa miaka 70 akipotosha mipira ya vijana ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa wakati wa kosa. Lakini tusicheke upesi. Wangapi kati yetu, mwana akishindwa, hujiuliza ni dhambi gani ya ukoo inayolipwa? Sisi tuliuliza. Tulipitia majina ya wazee wetu mmoja mmoja usiku.

Kisha ukaja mwaka 2017. Agosti, nusu fainali, Galway na Tipperary kwa mara nyingine, uwanja uleule wa Croke Park. Muda wa nyongeza unayoyoma, pande zote zina pointi 21. Mpira ukamfikia Canning kando kabisa, karibu na mstari, nguzo zikiwa mbali upande wa kushoto. Alipiga akiwa amebanwa, na mpira ukapanda, ukakata hewa, ukapita juu ya mwamba. Tulipiga kelele wote. Mwana wetu aliingia ndani, mara ya kwanza, akamshika Padre begani. Siku chache baadaye Galway ikafiwa na Tony Keady, shujaa wa ubingwa wa 1987 na 1988, akiwa na miaka 53. Timu iliingia fainali ya tarehe 3 Septemba ikiwa katika msiba. Wakawashinda Waterford, pointi 26 kwa mabao mawili na pointi 17. Canning alifunga tisa. Baada ya filimbi alikwenda kumkumbatia mjane wa Keady.

Sisi tulikuwa na furaha kubwa, na tulidhani tumepata jibu. Tukasema: tazama, saburi imelipa, miaka tisa haikuwa bure. Tulisema kwa sauti, pengine ili mwana wetu asikie, ingawa hatujui tulitaka ajifunze nini, maana kisigino chake kisingeshinda fainali yoyote.

Padre, bado akijifuta machozi, alituuliza swali moja: "Na Ollie je?"

Hatukumjibu siku ile. Tumelifikiria tangu hapo, na tutaeleza tulikofika.

Tuanze na mpira wa nusu fainali. Ule mpira ungaliweza kwenda kando. Upepo kidogo, kiganja kikiteleza nukta moja, au beki akifika mapema kwa hatua moja, Galway wangeweza kutolewa. Tuseme ingekuwa hivyo, na tuseme Canning asingepata nafasi nyingine. Je, asubuhi alizofanya mazoezi kwenye mvua za Portumna mwaka 2009 zingebadilika? Asubuhi ya mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kupita. Ama ilikuwa njema ilipokuwapo, ama haikuwa. Inawezekanaje upepo wa mwaka 2017 urudi nyuma uifanye takataka? Tukisema kwamba ushindi ndio unaoipa taabu maana, tumeikabidhi maana ya maisha ya mtu kwa upepo. Mhubiri katika Agano la Kale aliona hilo zamani: wenye mbio hawashindi daima, wala wenye hekima hawashibi daima, kwani wakati na bahati huwapata wote. Sisi tulisoma maneno yake kama malalamiko ya mtu aliyechoka. Sasa twayasoma kama onyo kwa watu wanaopenda kuweka alama.

Pili, kuna Waterford. Walishinda ubingwa mara ya mwisho mwaka 1959. Katika fainali ile ya 2017 alikuwamo Michael Walsh, ambaye watu humwita Brick, aliyekuwa akiichezea kaunti hiyo tangu 2003. Alikuwa ameshindwa fainali ya 2008, akashindwa na hii, akastaafu mwaka 2019 bila ubingwa. Kama pointi za Canning ziliikomboa miaka ya Canning, basi dakika hizohizo ziliihukumu miaka ya Walsh. Na hapo hesabu yetu inaharibika kabisa. Inatubidi tuamini kwamba wanaume wawili waliofanya kazi ileile, kwa uaminifu uleule, bila malipo, mmoja aliishi na mwingine alipoteza maisha yake, na kwamba jambo hilo liliamuliwa kwa tofauti ya pointi tatu. Hatuwezi kuamini hivyo na kuendelea kumwita Mungu mwenye haki.

Na Ollie. Alicheza, akaheshimiwa, akastaafu mwaka 2010, mdogo wake hajashinda bado. Hakuna aliyeingia kwao akamwambia amepoteza miaka yake. Labda yupo aliyesema. Sisi tunajua kwamba wazazi huweza kusema maneno kama hayo.

Mmoja wetu aliwahi kupinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu, kwa hiyo tuliweke. Alisema: ukiondoa ushindi, umebakiza nini? Mchezaji hachezi ili acheze tu. Canning alitaka kombe. Kumwambia kombe si kitu ni kumdanganya. Mtume Paulo mwenyewe aliwataka Wakristo wakimbie kama wanaotaka tuzo, ijapokuwa aliona taji la wakimbiaji hunyauka. Ni kweli. Hatusemi kombe si kitu. Mtu anayelima hutaka mahindi, na asipoyapata atalala njaa, na njaa ni njaa. Mwana wetu alikosa kitu cha kweli, nasi tulikosa pamoja naye. Tulikuwa na mkopo. Tunachosema ni kwamba kukosa mahindi ni jambo moja, na kusema kwamba mkulima hakulima ni jambo jingine. Tulipomwambia amepoteza miaka sita, hatukusema amekosa tuzo. Tulisema hakuwapo.

Wala hatusemi kila taabu imebarikiwa. Iko michezo iliyogeuka sanamu, na wapo vijana waliosukumwa na walimu na wazazi mpaka miili ikavunjika. Hata huko Ayalandi mchezaji wa kaunti anaweza kumaliza kazi Dublin jioni, akaendesha gari kilomita 200 hadi mazoezini Galway na kurudi usiku. Mke na watoto hulipa sehemu ya gharama ambayo hakuna anayeiandika. Mtu anaweza kutoa miaka yake mahali pasipostahili. Lakini hilo huulizwa juu ya miaka yenyewe: ilimfanya mtu wa namna gani, alimpenda nani ndani yake, alimdhulumu nani? Matokeo ya Septemba hayawezi kulijibu.

Imani yetu ina mfano ambao tumeupita mara nyingi bila kuutazama. Bwana wetu aliishi miaka kama 30 kabla hajaanza kuhubiri, na karibu miaka yote hiyo Injili haina la kusema juu yake. Alikuwa Nazareti. Alifanya kazi ya mikono. Alitengeneza vitu ambavyo hakuna hata kimoja tunachokijua. Ikiwa miaka hupata maana kwa lile linaloonekana mwishoni, basi kaya ile ya Nazareti ilikuwa chumba cha kungojea tu, na hakuna Mkristo anayethubutu kusema hivyo. Tunaamini kwamba ubao uliorandwa vizuri siku ya Jumanne fulani isiyo na jina ulikuwa mbele za Baba kitu kamili.

Kuna jambo la mti pia, ambalo Padre alilipenda. Fimbo ya halingi hutengenezwa kwa mti wa ash, usioota kwetu. Hukatwa pale chini kabisa, shina linapokutana na mizizi, kwa sababu hapo nyuzi za mti hupinda zenyewe, na fimbo ikifuata mpindo huo haivunjiki upesi. Mti huchukua miaka 25 au 30 kufaa. Anayeupanda humpandia mchezaji ambaye huenda hajazaliwa. Mwaka 2012, mwaka uleule wa ile sare, ugonjwa wa kuvu unaoua miti hiyo ulionekana Ayalandi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo umeenea kisiwa kizima. Wapo waliopanda kwa uangalifu wote na hawatakata fimbo hata moja. Padre alipotuambia hilo alikaa kimya, kisha akasema kwamba baba yake alikuwa na safu ya miti ile nyuma ya zizi, na kwamba ndege waliipenda.

Nasi tuna miti yetu. Mwaka uleule wa 2012, mwezi mmoja kabla ya fainali ya Padre, David Rudisha alikimbia mita 800 jijini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mtu wa kwanza kushuka chini ya 1:41. Mwalimu wake ni Mwayalandi, Bruda Colm O'Connell, aliyekuja shule ya St. Patrick's Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Katika uwanja wa shule hiyo imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa waliopita hapo, na wageni hupigwa picha chini yake. Ni jambo zuri. Lakini kwa muda wa miongo yote hiyo vijana wengine wengi walikimbia katika njia zilezile, na hakuna mti wa mtu wa tano. Tulipita hapo mwaka jana kwa shughuli nyingine. Mmoja wetu alihesabu miti. Mwingine alitazama watoto waliokuwa wakikimbia, na hakuweza kubashiri ni yupi kati yao angepata mti.

Canning alicheza miaka minne zaidi. Mwaka 2018 Galway walifika fainali tena, wakashindwa na Limerick kwa pointi moja. Julai 2021, katika mechi waliyoshindwa na Waterford, walewale, alimpita Henry Shefflin wa Kilkenny akawa mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya ubingwa huo. Siku chache baadaye akatangaza kwamba amemaliza, akiwa na miaka 32. Shefflin ana medali kumi za ubingwa. Canning ana moja. Padre, aliyekuwa amesharudi kwao kupumzika, alituandikia kwamba mchezaji yule alipata pia furaha ya kuondoka akiwa ameshindwa. Hatujui kama tumemwelewa. Alipenda kusema mambo ya namna hiyo.

Fimbo yake aliiacha sakristiani. Sasa hutumika kuzuia dirisha lisipigwe na upepo.

Baada ya kuyafikiri yote haya tulimwendea mwana wetu. Ana mke sasa, na ana karakana ndogo ya kutengeneza baiskeli na pikipiki; jioni huwakimbiza watoto wa shule ya jirani, bila malipo, jambo ambalo hatukumshauri. Tulimwambia kwamba neno letu la siku ile halikuwa kweli, na kwamba tunamwomba msamaha, si kwa ukali wake tu bali kwa uongo wake. Aliendelea kufuta mafuta mikononi kwa kitambaa. Akasema, "Mzee, mama, mimi sikumbuki kama mlisema hivyo." Akatuletea viti, akaagiza chai.

Mmoja wetu anaamini kwamba hakumbuki kweli. Mwingine anaamini kwamba alikuwa anatusitiri.